Wanaofanana Si Wamoja: Utangulizi wa Uainishaji wa Mbawakawa wa Ardhini

Inua jiwe lenye unyevunyevu chini yake, au gogo lililoanza kuoza, na mara nyingi utamwona mdudu mweusi mwenye miguu mirefu akikimbilia gizani kabla hujamtazama sawasawa. Huenda ni mbawakawa wa ardhini, mmoja wa familia ya Carabidae. Wataalamu wameshazieleza na kuzipa majina takriban spishi 40,000 za familia hii, kuanzia wadogo wa milimita chache wanaoishi kwenye mchanga wa kingo za mito hadi majabari wa sentimita tano wanaozurura katika nyika za Afrika. Wengi wao huwinda usiku: hula viwavi, konokono, minyoo na mayai ya wadudu wengine. Wapo pia wanaokula mbegu, zikiwemo za magugu. Mkulima ana marafiki wengi katika familia hii, hata kama hajapata kuwajua kwa majina.

Maandishi haya ni ya kumkaribisha anayeanza: mwanafunzi wa biolojia, mwalimu wa sayansi, bwana shamba, mhifadhi wa msitu, au yeyote apendaye kuwatazama viumbe kwa makini. Swali litakalotuongoza ni moja. Umewaweka mezani mbawakawa wawili wanaofanana kama shilingi kwa ya pili; utajuaje kama ni spishi moja au mbili?

Mwanabiolojia Ernst Mayr, katika kitabu chake cha mwaka 1942, alieleza spishi kuwa ni jamii ya viumbe wanaozaliana wao kwa wao na ambao wametengana kiuzazi na jamii nyingine. Si kila mtaalamu anaridhika na maelezo hayo, lakini yanatuonyesha tunatafuta nini. Spishi haimo katika rangi ya mgongo wala katika urefu wa kipapasio. Imo katika jambo ambalo kwa kawaida hatulioni: nani anazaa na nani. Alama za mwili ni ushahidi wa jambo hilo. Ninachotaka msomaji aondoke nacho ni kwamba ushahidi huo uko wa aina nyingi, kila aina ina udhaifu wake, na hakuna hata mmoja unaotosha kutoa hukumu peke yake.

Kwanza, familia

Kabla ya kutenganisha ndugu, hakikisha unawashughulikia watu wa nyumba moja. Mgeuze mdudu chali. Kwa mbawakawa wa ardhini, nyonga za miguu ya nyuma ni kubwa na zimerudi nyuma kiasi cha kuikata pingili ya kwanza ya tumbo vipande viwili, kushoto na kulia. Alama hiyo humweka katika kundi la Adephaga, pamoja na mbawakawa wawindaji wa majini. Kisha tazama mguu wa mbele. Upande wa ndani wa muundi una pengo dogo lenye singa fupi zilizosongamana. Mdudu hupitisha kipapasio chake humo ili kukisafisha. Kipapasio chenyewe ni chembamba, kina vipande 11, na huchomoza kati ya jicho na taya. Miguu yote sita huishia na nyayo za vipande vitano vitano.

Kutoka familia hadi jenasi, vitabu vya utambuzi vinasaidia sana. Vitakuuliza kama juu ya kila jicho pana singa moja au mbili, mabawa magumu yana mifereji mingapi, ncha ya taya ikoje. Unajibu swali baada ya swali mpaka unafika. Kazi yenyewe huanzia hapo, pale jenasi inapokuwa na spishi kumi, ishirini au mia ambazo vitabu vyenyewe vinazieleza kwa maneno yanayokaribiana.

Sura ya nje na mipaka yake

Ndani ya jenasi moja tunaanza na yale yanayoonekana bila kumpasua mdudu: umbo la sahani inayofunika kidari, hasa pembe zake za nyuma, mifereji na vishimo vya mabawa, rangi ya miguu, singa na mahali zilipoota. Singa zina thamani kuliko anavyotarajia mtu anayeanza, kwa sababu mahali pake ndani ya spishi hapabadiliki ovyo. Lakini mbawakawa aliyeishi muda mrefu amekwaruzwa na mchanga, na singa zake zimekatika. Kwa hiyo usitafute nywele, tafuta kitundu. Kila singa huota ndani ya kitundu chenye ukingo wake, na kitundu hubaki hata singa ikianguka. Ukizungusha taa polepole huku ukitazama kwa hadubini, kivuli kidogo kitakuonyesha kilipo.

Tuchukue mfano wa Ulaya. Carabus violaceus na Carabus problematicus ni mbawakawa wakubwa, weusi, wenye urefu wa sentimita mbili hadi tatu, na wote wawili wana ukingo unaong'aa zambarau au buluu. Kwa macho matupu mtu huwachanganya. Chini ya lenzi, mgongo wa violaceus wa sehemu nyingi una chembechembe ndogo tu, hauna mistari. Ule wa problematicus una mistari ya urefu iliyokatwakatwa na vishimo. Mwanafunzi akishaona hivyo hufurahi na kudhani amemaliza. Lakini magharibi mwa Ulaya lipo umbo la violaceus liitwalo purpurascens, ambalo mgongo wake una mistari. Baadhi ya wataalamu hulihesabu kuwa spishi kamili, wengine huliona kuwa tawi tu la violaceus. Alama iliyokuwa wazi bondeni inakuwa ya kutiliwa shaka ng'ambo ya pili ya mlima.

Rangi inastahili tahadhari ya pekee. Katika jangwa la Kalahari wanaishi mbawakawa wakubwa wa jenasi Anthia, weusi wenye madoa meupe, ambao humrushia adui asidi kali. Mwaka 1977, Raymond Huey na Eric Pianka walieleza kwamba mijusi wachanga wa huko, wa spishi Heliobolus lugubris, ni weusi wenye madoa meupe na hutembea kwa miguu iliyokakamaa, mgongo umepinda, kama Anthia. Wakikua hubadilika na kuwa na rangi ya mchanga, na mwendo wao unakuwa wa kawaida. Ikiwa mjusi, ambaye hana udugu wowote wa karibu na mdudu, anaweza kuvaa vazi hilo kwa sababu linamkinga, basi spishi mbili za mbawakawa zinaweza kuvaa vazi moja kwa sababu hiyo hiyo. Rangi zinazofanana hazithibitishi udugu, na rangi tofauti hazithibitishi utengano.

Tofauti nyingine zimo ndani ya spishi ile ile. Dume wa mbawakawa wengi wa ardhini ana nyayo za mbele zilizotanuka, zenye nywele za kunatia chini yake, ili amshike jike. Asiyejua anaweza kuwapa dume na jike majina mawili. Ukubwa wa mwili hutegemea sana buu alikula nini. Hata mabawa ya nyuma, yale ya kurukia, yanaweza kuwa marefu kwa mmoja na mafupi kwa ndugu yake. Carl Lindroth wa Uswidi, aliyeandika baadaye kitabu kikubwa cha mbawakawa wa ardhini wa Kanada na Alaska, aliwafuga mbawakawa wa spishi Pterostichus anthracinus, na mwaka 1946 akaonyesha kwamba urefu wa mabawa yao hurithiwa kwa kanuni rahisi kutoka kwa wazazi. Wenye mabawa marefu na wenye mabawa mafupi walikuwa watoto wa nyumba moja.

Ndiyo maana mtaalamu haridhiki na mdudu mmoja. Huomba wengi, wa kike na wa kiume, kutoka mahali pamoja na kutoka mahali mbalimbali. Akiwapanga mfululizo, huangalia kama tofauti inajaza nafasi yote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika, au kama kuna pengo. Pengo linalojirudia katika alama kadhaa kwa pamoja, mahali ambapo wadudu hao wanaishi pamoja, ni ushahidi mzito.

Wawili waliohesabiwa mmoja

Mwaka 1790 mtaalamu wa wadudu aitwaye Paykull alimwandika mbawakawa mweusi wa maeneo ya majimaji ambaye leo tunamwita Pterostichus nigrita. Mwaka 1837 Oswald Heer, mtaalamu wa Uswisi, alimwandika mwingine, Pterostichus rhaeticus. Kwa muda mrefu jina hilo la pili lilisahauliwa. Wote walihesabiwa kuwa nigrita, spishi ya kawaida ambayo kila mkusanyaji wa Ulaya ya kaskazini alikuwa nayo kwenye sanduku lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Ujerumani, Koch na Thiele, waliowachunguza mbawakawa hawa wakiwa hai maabara, walibaini kwamba chini ya jina hilo moja walijificha zaidi ya mmoja. Walipotazamwa upya, viungo vya uzazi vya madume na vya majike vilionekana kutofautiana, na makazi yao pia hayakuwa sawa kabisa: rhaeticus huonekana zaidi kwenye vinamasi vyenye asidi na kuvumwani, ingawa mara nyingi wote wawili hupatikana mahali pamoja. Mwaka 1990 Martin Luff alitangaza kwamba rhaeticus yupo pia Uingereza, na kwamba muda wote huo alikuwa amechanganywa na nigrita.

Hebu fikiria maana yake. Kila orodha iliyochapishwa kabla ya hapo na kuandika "nigrita" ilikuwa haituambii tena ni yupi aliyeonekana. Utafiti wa chakula chake, majira yake ya kuzaa, uvumilivu wake wa baridi, wote ulihitaji kuulizwa upya: ulikuwa unamhusu nani? Pale watafiti walipokuwa wamehifadhi wadudu wenyewe, swali lilijibika. Mtu alifungua droo ya makumbusho, akawatazama tena, akasahihisha. Pale walipoandika jina tu na kuwatupa wadudu, hapakuwa na la kufanya.

Kutazama ndani

Kwa kuwa sura ya nje huweza kutuchanganya, mtaalamu wa mbawakawa wa ardhini hujifunza mapema kutoa kiungo cha uzazi cha dume. Kazi hii inahitaji utulivu, lakini si ya ajabu. Mdudu mkavu hulainishwa kwanza katika maji ya moto kidogo kwa muda, kwani akilazimishwa akiwa mkavu atavunjika. Kisha, kwa sindano iliyopindwa ncha au koleo nyembamba, unaingia kwenye mwanya wa mwisho wa tumbo na kuvuta taratibu. Kinachotoka ni mrija mgumu wa rangi ya hudhurungi, uliopinda, wenye vijibawa viwili kwenye shina lake, kimoja kushoto na kimoja kulia. Unauweka katika myeyusho wa hidroksidi ya potasiamu ili nyama iyeyuke na sehemu ngumu ibaki, unausuuza, kisha unautazama ukiwa pembeni na ukiwa juu.

Hapo ndipo tofauti hutokeza. Ncha inaweza kuwa kali kwa spishi moja na butu kwa nyingine. Kijibawa cha kulia kinaweza kuwa kifupi hapa na kirefu kule. Ndani ya mrija mna kifuko laini ambacho wakati wa kupandana huvimba na kutoka nje, na juu yake mna miiba, mabamba au ndoana. Ukimaliza, kiungo hicho hugandishwa kwenye kadi ndogo na kuchomwa kwenye pini ile ile ya mwenyewe, chini yake. Kamwe kisiwekwe kwenye kopo la pekee. Siku lebo zitakapochanganyika, mdudu wako na ushahidi wake vitakuwa vimeachana moja kwa moja.

Mjapani Ryosuke Ishikawa aliutegemea sana ushahidi wa kifuko hicho katika mapitio yake ya mwaka 1978, alipoupanga upya uainishaji wa Carabus na ndugu zao. Na ni huko huko Japani ambako swali la kwa nini viungo hivi hutofautiana limepata jibu lililo wazi kuliko karibu kwingine kote.

Ohomopterus wa Japani

Katika visiwa vya Honshu, Shikoku na Kyushu linaishi kundi la Carabus liitwalo Ohomopterus, lenye spishi zipatazo 15. Hawaruki, mabawa yao ya nyuma yamesinyaa, kwa hiyo mto au bonde linatosha kuwatenga. Mabuu yao hula minyoo ya ardhini. Mara nyingi spishi mbili huishi msitu mmoja, na hapo kwa kawaida moja huwa kubwa na nyingine ndogo. Zile zinazokaribiana kwa ukubwa aghalabu hugawana nchi: moja upande huu wa bonde, nyingine upande ule. Hao ndio wanaomsumbua mtambuzi, kwa kuwa kwa sura ya nje wanafanana mno.

Tofauti yao kubwa imo katika kifuko cha dume. Juu yake kuna kipande kigumu, ambacho wakati wa kupandana huingia katika kimfuko cha pembeni kilichomo ndani ya uke wa jike. Kwa spishi fulani kipande hicho ni kifupi na kipana; kwa nyingine ni chembamba na kirefu. Kwa Carabus uenoi, anayeishi kwenye mlima Kongo karibu na Osaka, kimerefuka kupita kiasi. Na kimfuko cha jike wa kila spishi huenda sambamba na kipande cha dume wake.

Wazo kwamba viungo vya uzazi vya wadudu hufanya kazi kama kufuli na ufunguo ni la zamani. Mfaransa Léon Dufour alilitoa mwaka 1844. Lilipingwa sana, kwa sababu kwa wadudu wengi viungo vya jike havimzuii dume wa spishi nyingine kwa namna hiyo. Mwaka 1998 Teiji Sota na Kohei Kubota walilijaribu kwa spishi mbili za Ohomopterus za eneo la Kinki, Carabus maiyasanus na Carabus iwawakianus, ambazo mipaka yao hukutana na kuacha ukanda mwembamba wa machotara. Waliwaweka pamoja madume wa spishi moja na majike wa nyingine. Madume hawakusita; waliwapanda. Madhara yalionekana baadaye. Utando wa uke wa majike ulipasuka, na wengi wakafa. Madume nao walivunjika kile kipande. Kwa majike walionusurika, mayai machache ndiyo yaliyorutubishwa.

Napenda msomaji akae na matokeo haya kidogo. Tofauti ambayo mtaalamu huiona mezani, ya kipande kilichorefuka kidogo tu, kwa mbawakawa wenyewe ina gharama ya uhai na uzazi. Alama tuliyoichagua kwa ajili ya kuwatambua ndiyo hiyo hiyo inayowatenga. Si kila alama ina bahati hiyo. Singa juu ya jicho hutusaidia sisi, lakini haimzuii yeyote kuzaa na yeyote. Ndiyo sababu wataalamu wa familia hii huupa ushahidi wa viungo vya uzazi uzito wa pekee. Na hata hivyo ukanda wa machotara upo: kufuli hili hukwama bila kufunga kabisa.

Jeni nazo zinapogombana

Ilipowezekana kusoma DNA, wengi walitarajia kwamba ubishi wote ungekwisha. Mwaka 1996 kundi la watafiti akiwemo Zhi-Hui Su na Syozo Osawa lilichapisha mti wa udugu wa Ohomopterus uliotokana na jeni ya mitokondria iitwayo ND5. Matokeo yalishangaza. Matawi ya mti yalifuata ramani kuliko yalivyofuata spishi: mbawakawa wa spishi moja waliangukia matawi tofauti, huku majirani wa spishi tofauti wakikaa tawi moja. Watafiti hao walipendekeza kwamba maumbo yale yale yalijitokeza zaidi ya mara moja, kila eneo kivyake.

Mwaka 2001 Sota na Alfried Vogler walilinganisha jeni za mitokondria na jeni za kiini cha seli. Hazikukubaliana, na zile za kiini zilikaribiana zaidi na umbo la mbawakawa. Maelezo waliyoyapa uzito ni uchotara wa zamani. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Jike wa spishi moja akizaa na dume wa nyingine, na binti zake na wajukuu zake wakaendelea kuzaa na madume wa ukoo wa baba, jeni za kiini za bibi hupungua nusu kwa kila kizazi mpaka karibu zitoweke. Mitokondria yake hubaki nzima. Baada ya vizazi vingi utamkuta mbawakawa ambaye kwa umbo na kwa jeni za kiini ni wa spishi hii, lakini mitokondria yake ni ya majirani.

Somo kwa anayeanza ni la vitendo. Siku hizi ni rahisi kukata kipande cha mguu, kukipeleka maabara na kupokea mfuatano wa jeni moja ya mitokondria. Kwa spishi nyingi njia hiyo inafaa sana, na husaidia kumtambua buu ambaye hana alama za mzazi. Lakini mtu ambaye angewapanga Ohomopterus kwa jeni hiyo peke yake angeandika majina ya mabonde akidhani anaandika majina ya spishi. DNA ni ushahidi wa nguvu, na kama ushahidi mwingine wote, unahojiwa.

Jina ni dai

Majina ya wanyama tunayotumia yanaanzia toleo la 10 la Systema Naturae la Carl Linnaeus, la mwaka 1758, ambamo jenasi Carabus imo. Tangu hapo utaratibu umekua. Anayetangaza spishi mpya leo hupaswa kuteua mdudu wa mfano, yaani holotaipu, na kueleza amehifadhiwa wapi. Jina linafungwa kwa mdudu huyo. Maelezo yakionekana kupungukiwa, au spishi ikigundulika kuwa mbili, wataalamu hurudi kwa mdudu huyo kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili inayobaki na jina la awali.

Kwa hiyo kila ukiandika jina chini ya mbawakawa umetoa dai, na dai lazima liweze kuchunguzwa na mwingine. Hapo ndipo lebo inapopata heshima yake. Andika nchi, mkoa, mahali hasa, vipimo vya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la mkusanyaji, aina ya makazi na namna mdudu alivyopatikana. Mdudu mwenye lebo kamili na jina lisilo sahihi ana thamani, kwa sababu jina husahihishwa. Mdudu mwenye jina sahihi asiye na lebo ana thamani ndogo mno.

Milima ya Afrika Mashariki

Kwa msomaji wa Kiswahili, swali hili lina mahali pake nyumbani. Mwaka 1911 na 1912 Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walisafiri Afrika Mashariki wakikusanya wadudu, wakipanda hadi nyanda za juu za Kilimanjaro na mlima Kenya. Jeannel baadaye aliandika kazi kubwa juu ya Trechinae, mbawakawa wadogo wa ardhini wanaopenda ubaridi, iliyochapishwa kati ya 1926 na 1930. Mwaka 1957 Pierre Basilewsky wa makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alifika Tanganyika pamoja na Narcisse Leleup na kukusanya kwenye milima yake. Basilewsky aliandika juu ya mbawakawa wa ardhini wa Afrika kwa miongo mingi. Ndiyo maana wadudu wengi wa mfano wa milima yetu wako Paris na Tervuren, na anayeichukua kazi hii atalazimika kuwasiliana na makumbusho hayo.

Milima hii huleta ugumu wa aina yake. Mbawakawa wengi wa misitu ya juu hawaruki, na kati ya mlima na mlima kuna nyika yenye joto wasiyoweza kuivuka. Wa Uluguru na wa Usambara hawakutani kamwe. Kama wanatofautiana kidogo, je, ni spishi mbili au ni jamii mbili za spishi moja? Hatuwezi kutazama kama wanazaliana, kwa sababu maumbile hayawapi nafasi. Njia inayotumika ni ya kulinganisha. Tafuta katika jenasi hiyo hiyo spishi mbili zinazoishi pamoja kwenye mlima mmoja bila kuchanganyika, upime tofauti zao za viungo vya uzazi, za singa na za jeni. Hicho ndicho kipimo chako. Kama tofauti kati ya milima inafikia kiwango hicho, una haki ya kudai spishi mbili. Kama iko chini sana, subiri na ukusanye zaidi. Mwenda pole hajikwai.

Namna ya kuanza

Vifaa vya kuanzia si vingi. Fukia kikombe cha plastiki mpaka ukingo wake uwe sawa na ardhi, ukiwekee paa dogo la kuzuia mvua, na ukitembelee kila asubuhi. Pekua chini ya mawe na magogo, kisha uyarudishe yalivyokuwa. Weka wachache katika ethanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya DNA, na wengine uwachome pini au uwagandishe kwenye kadi. Kuwa mwangalifu na mbawakawa wanaofyatua kemikali. Stenaptinus insignis wa Kenya, aliyefanywa maarufu na uchunguzi wa Thomas Eisner na wenzake, hurusha kutoka ncha ya tumbo maji yenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi, na huyaelekeza anakotaka. Kwa utafiti rasmi utahitaji kibali: Tanzania huanzia tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, Kenya huanzia tume ya aina hiyo hiyo, NACOSTI, na misitu ya hifadhi ina wasimamizi wake wa kuombwa ruhusa.

Chagua jenasi moja na sehemu moja. Jifunze spishi zake za kawaida mpaka uzijue dume na jike, mpya na aliyechakaa, mkubwa na mdogo. Chora unachokiona, hata kama huna mkono wa kuchora, kwa sababu kuchora hulilazimisha jicho lijibu mahali ambapo kutazama kungepita tu. Ukimpata asiyeingia popote, usiharakishe kumpa jina. Tafuta wenzake, umpasue dume, usome DNA ukiweza, umuulize mtu anayelijua kundi hilo, na uwaweke wote mahali ambapo mwingine atawakuta.

Kazi hii haiishii kwenye droo. Mwenye kutaka kulinda msitu lazima aseme ndani yake mna nini, na kama spishi mbili zinahesabiwa moja, ile adimu inaweza kutoweka huku orodha ikisema ipo tele. Mwenye kutaka kumsaidia mkulima kwa kuwatunza wadudu wanaokula viwavi lazima ajue ni yupi anayekula nini na huzaa lini. Maswali hayo yote husimama juu ya lile dogo tuliloanza nalo, la wawili wanaofanana mezani. Wanaoweza kulijibu kwa mbawakawa wa Afrika ni wachache, na kazi iliyobaki ni kubwa. Karibu uifanye.